Maji Tuliyoyaita Hasara

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo ya bati na saa ya mkononi. Saa haikuwa yangu. Mkuu wangu wa kwanza, Afisa Kilimo pale Biharamulo, aliivua mkononi mwake, akanikabidhi na kusema, "Binti, kuna chemchemi bondeni, nyuma ya kanisa. Nataka kujua inatoa maji kiasi gani. Nakusubiri."

Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha umwagiliaji ndani ya bahasha, nimevaa sketi ya kushonesha, nikidhani nitaoneshwa meza yangu. Nikateremka na ndoo. Kazi yenyewe haikuwa ngumu: unakinga maji, unahesabu sekunde mpaka ndoo ijae, kisha unagawanya. Nilipima mara tatu nikapata majibu matatu tofauti. Nikachagua lile lililoonekana la kupendeza, nikapanda nalo ofisini huku sketi inachuruzika maji.

"Umepima mara ngapi?" akaniuliza.

"Mara tatu, mzee."

"Na hayo majibu mengine mawili umeyatupa wapi?"

Akanisukumia karatasi niyaandike yote matatu, moja chini ya jingine. "Hatukuajiriwa kuchagua," akasema, akarudi kwenye mafaili yake. Nilimchukia kwa wiki nzima, kisha nikamzoea, na mwishowe nikampenda kama mtu anavyompenda mwalimu aliyemchapa kwa haki. Alinifundisha mengi kwa maneno machache. Moja nililolikumbuka mara nyingi ni hili: mkulima akikuitikia "ndiyo" mara tatu mfululizo, ujue hajakubali.

Baada ya Biharamulo nilipelekwa Lusahunga, njia panda ya malori yaendayo Rusumo. Kulikuwa na bonde dogo la mpunga umbali wa kutembea kutoka barabarani, na kazi yangu ilikuwa kuwafundisha watu kupandikiza kwa mistari badala ya kumwaga mbegu ovyo. Ilikuwa vigumu kushindana na barabara. Malori yakisimama kwa wingi, wanafunzi wangu wote walikuwa kule juu wakiuza ndizi za kuchoma, na mimi nimebaki bondeni na kamba yangu ya kunyooshea mistari, namfundisha chura. Hata hivyo ni huko nilikojifunza kuingia jarubani pekupeku. Jaruba ni kipande cha shamba la mpunga kilichozungushiwa matuta ili maji yatuame, na unyayo uliozoea hukuambia mengi: udongo unaoshika maji, udongo unaoyameza, mahali panya alipotoboa tuta. Ninyi vijana mnaosoma vipimo kwenye simu, nawaombeni mvue viatu mara mojamoja.

Kisha nikahamishiwa Ngara, kwenye skimu ya umwagiliaji upande wa Nyakisasa, na huko ndiko nilikozeekea. Nieleze ilivyokaa ili mnifuate. Juu kulikuwa na banio, yaani ukuta unaouzuia mto kidogo ili maji yaingie kwenye mfereji mkuu. Mfereji uliambaa kando ya kilima, na kila baada ya hatua kadhaa palikuwa na lango la chuma la kuyateremshia maji kwenye majaruba. Maji yaliyobaki na yale yaliyopenya kwenye udongo yalikusanyika chini kabisa, kwenye mtaro wa kutolea maji. Mtaro huo ndio uliokuwa mpaka wa skimu. Ramani yangu iliishia hapo.

Mvua za masika tulikuwa na maji ya kumwaga. Ugomvi ulikuwa wa kiangazi, mto unapopungua na kila mtu anataka jaruba lake lijae kama beseni. Mwenyekiti wa kamati ya maji, Mzee Sebastiani, ambaye majaruba yake yalikuwa ya mwisho kabla ya mtaro, aliwahi kusuluhisha watu wawili waliokuwa wameshikana mashati ndani ya mfereji wenyewe, maji yakiwapita miguuni. Mimi niliandika ripoti, nikapendekeza zamu, zamu zikavunjwa, nikaandika ripoti nyingine.

Hali ilikuwa hiyo mpaka mradi ulipokuja na Mtafiti. Alikuwa mwanamume mpole, mwenye kompyuta aliyoibeba kifuani kama mtoto. Ndani yake mlikuwa na programu ya kuigiza ukuaji wa zao. Unaiambia hali ya hewa ya kila siku, aina ya udongo, aina ya mbegu, siku ya kupandikiza na maji unayotoa, nayo inaukuza mpunga humohumo, kutoka mche mpaka suke, kwa muda wa kupiga chafya. Ukitaka kujua ingekuwaje kama ungepunguza maji wiki fulani, hutahitaji kungoja msimu wala kuhatarisha shamba la mtu. Unabadilisha namba moja, unauliza tena. Wakulima waliiita shamba la kwenye kioo.

Mwanzoni ilitukosea adabu. Ilisema mpunga wetu ungechanua wiki fulani, na mpunga wenyewe ukakataa. Mzee Sebastiani alicheka mpaka akakaa chini. "Hiyo mashine haijalala Nyakisasa mwezi wa sita," akasema, "haiijui baridi yetu." Mtafiti hakukasirika hata kidogo. Akaniagiza niandike joto na baridi ya kila siku, nikavuna vipande vya mraba vya shamba na kuvipima kwenye mizani, na yeye akairekebisha programu hatua kwa hatua mpaka ikafanana na bonde letu. Msimu mzima ulipita katika kazi hiyo. Mwishoni, siku ya kuchanua ilipotabirika sawasawa, Mzee Sebastiani aliipigia kompyuta saluti.

Tulichokuwa tunakitafuta kinaitwa tija ya maji, yaani kilo za mpunga unazopata kwa kila kipimo cha maji uliyotumia. Programu ilituonesha, kwenye mchoro wake, safu moja ndefu kuliko zote: maji yanayopotea kwa kupenya chini na pembeni mwa majaruba. Mtafiti aliigusa safu hiyo kwa kalamu. "Mwizi wetu ni huyu," akasema. "Tumkamate." Nami nilikubali kwa moyo wote, maana kwa miaka yote nilikuwa nikiyaona yale maji yakiteremka mtaroni mchana na usiku, na yalikuwa yananiuma.

Dawa ilikuwa kulowesha na kukausha kwa zamu. Mpunga hauhitaji kuogelea siku zote. Tulichimbia mabomba mafupi yenye matundu ndani ya majaruba ili tuone maji yako wapi chini ya udongo. Yakishuka kiasi cha kiganja kimoja unamwagilia, yasiposhuka unatulia. Ila mpunga ukishabeba mimba na kuanza kuchanua, hapo huunyimi maji, kwani kiu ya siku chache wakati huo huzaa mapepe, makapi matupu yasiyo na punje ndani. Haya tuliwafundisha wakulima mpaka wakayaimba. Kiangazi kilichofuata malango yakawa yanafungwa siku nyingi katika wiki, mpunga wa juu ukawa kijani vilevile, na hakuna aliyeshikwa shati. Mkuu wa Mradi alifurahi akayaahidi maji yaliyookolewa kwa mashamba mapya ng'ambo ya mfereji. Wageni wakaalikwa kuja kuona.

Mwanzoni mwa mradi, kabla ya kuchora ramani, nilikuwa nimemuuliza Mzee Sebastiani, "Huko chini ya mtaro, kuna anayetumia haya maji?"

"Huko hakuna mwanachama," akanijibu.

Nikaandika: hakuna. Kwenye fomu yangu safu yenyewe ilikuwa ya wanachama, na jibu lilikaa ndani yake vizuri kabisa.

Lakini mimi nilikuwa nalijua bonde la chini. Nilipita huko kila wiki nikielekea nyumbani. Kulikuwa na familia zilizotoka Burundi zamani za machafuko, zikakaribishwa, zikalima, zikazaa, zikazika. Walilima mpunga kwa maji yaliyowafikia yenyewe kutoka juu, bila lango wala zamu. Mama Evodi alikuwa mmoja wao, amenizidi umri kidogo, mjane mwenye sauti ya chini. Mara ngapi alinipa hindi la kuchoma nikapita natafuna pembeni ya mpunga wake! Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe alishapewa miaka mingi. Jina kwenye daftari hakuna aliyekumbuka kumpa.

Zilikuwa zimebaki siku chache wageni wafike. Nikaenda mtaroni kupima, ili nipate namba ya mwisho ya kuonesha hasara imekwisha. Mtaro ulikuwa mkavu. Nikaandika sifuri, na nakiri mbele yenu kwamba nilitabasamu, nikaipigia mstari chini. Kisha nikavuka upande wa pili kama kawaida yangu, na tabasamu likaniishia.

Udongo wa Mama Evodi ulikuwa umepasuka kiasi cha kuingiza vidole. Majani ya mpunga yalikuwa yamejikunja kama sigara. Nikachana shina moja kwa kucha: suke lilikuwa ndani, bado halijatoka. Mahali pengine masuke yalikuwa yameshatoka, meupe, yamesimama wima. Mpunga wenye punje huinamisha kichwa. Ule ulikuwa unanitazama usoni. Mama Evodi alikuwa anapalilia, kana kwamba kupalilia kungesaidia.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, Bibi Shamba. Karibu."

"Tangu lini maji hayaji?"

"Kitambo."

"Kwa nini hukuja kuniambia? Mimi napita hapa kila wiki!"

Akaweka jembe chini, akafikiri namna ya kunijibu bila kuniumiza. "Maji yarikuwa ya watu," akasema. "Yakija, nashukuru. Yasipokuja, nitaenda kugombana na nani?"

"Lakini hiki ndicho chakula chenu."

"Ndiyo."

"Mna kingine?"

"Ndiyo. Ndiyo, Bibi Shamba, usihangaike."

Zilikuwa ndiyo tatu. Niliona aibu iliyonichoma mpaka masikioni, maana nilimjua aliyefunga yale maji.

Nilimkuta Mtafiti amekaa kwenye benchi nje ya ghala la skimu. Nilipomweleza hakujitetea. Aliniuliza ukubwa wa mashamba ya chini, udongo wake, siku waliyopandikiza. Tukalichora shamba la pili chini ya lile la kwanza, na safu tuliyoiita mwizi tukaielekeza huko iwe maji ya kuingia. Programu ikatuambia mambo mawili. La kwanza, ukihesabu mpunga wote wa bonde na maji yote ya bonde, tija tuliyokuwa tunajisifia ilikuwa karibu yote imeliwa na ukame wa chini. Hatukuwa tumeokoa maji. Tulikuwa tumeyahamisha kutoka kwa wasiosema. La pili, masuke yaliyokuwa bado tumboni yangeweza kuokolewa kama maji yangefika ndani ya siku tatu. Siku ya nne kisingebaki kitu cha kuokoa.

Nikaenda kwa Mkuu wa Mradi. Hakuwa mtu mbaya, na sitaki mumuone hivyo.

"Hao si wanachama," akasema. "Na haya maji ya ziada tumeshayaahidi."

"Mzee, si ya ziada. Yalikuwa na mwenyewe."

"Waandike kwenye ukurasa wa changamoto."

"Ukurasa huo hautawapa ugali wala wali."

"Ukisimama mbele ya wakulima useme tumekosea, msimu ujao nani atafunga lango? Watarudi kwenye mabeseni yao na kushikana mashati. Umelifikiria hilo?"

Nilikuwa nimelifikiria, tena lilinitisha kuliko yeye alivyojua. Ile njia ilikuwa nzuri. Nilikuwa nimeitumikia misimu miwili kwa miguu yangu hii. Na mimi nilikuwa karibu kustaafu, nikitamani kuondoka na jambo moja lililofanikiwa likiwa na jina langu. Lakini kuiacha ile sifuri yangu isimame peke yake kungekuwa kuchagua, na sikuajiriwa kwa kazi hiyo. Nikamwomba ruhusa ya kuitisha kamati. Hakuikataa wala hakuitoa, nami nikahesabu kwamba ameitoa.

Tulikutana asubuhi iliyofuata ghalani. Nilisimama nikasema: "Mpunga wa chini ya mtaro unakufa, na niliyeukausha ni mimi. Nilichora mpaka mahali pasipo na mpaka."

Minong'ono ikaanza. Mmoja akapaza sauti nyuma, "Kumbe shamba la kwenye kioo limetudanganya!"

"Halikudanganya," nikasema. "Sikuliambia kwamba huko chini kuna watu. Jana nimeliambia, likasema siku tatu. Leo zimebaki mbili. Naomba malango ya mwisho yafunguliwe, na mashamba mapya yangoje."

Mwenye shamba jipya akasimama na kusema, kwa haki yake, kwamba na yeye ana watoto, na miche yake imeshaingia udongoni. Mwingine akasema tukianza kuwagawia wasio wanachama tutamaliza mto. Maneno yakazunguka, muda unakwenda, na mimi naangalia kivuli cha mlango kinavyofupika. Mwishowe wote wakamgeukia Mwenyekiti.

Mzee Sebastiani alikuwa amekaa ameshika kofia kwa mikono miwili. "Yule mama," akasema taratibu, "kila mavuno huniletea kikapu cha mpunga mpya. Hajakosa hata mwaka mmoja. Kwetu ukiishi kwa maji ya mtu wa juu unamshukuru, na yeye akipokea amekubali. Mimi nimekuwa napokea." "Bibi Shamba aliponiuliza, nikamjibu huko hakuna mwanachama. Sikusema uongo. Lakini wajukuu zangu wamekula ule mpunga."

Akavaa kofia, akainuka. "Twende tukafungue," akasema, na akatangulia mwenyewe.

Maji yalishuka siku ile na siku iliyofuata. Nusu ya shamba la Mama Evodi, upande wa karibu na mtaro, ilijaza punje. Nusu nyingine ilikuwa mapepe, akaikata akalishia mbuzi. Sikupata namna ya kumlipa nusu hiyo, na mpaka leo sina. Wageni walikuja wakakuta miche ya mashamba mapya imekuwa ya njano, na Mkuu wa Mradi akawaeleza sababu bila kuzungukazunguka, jambo ambalo sikulitarajia. Tulipeana mkono siku hiyo, hatukulizungumza tena.

Msimu uliofuata watu wa chini waliandikwa kwenye daftari la skimu, wakapewa lango lao na zamu yao. Ramani yangu mpya ilivuka mtaro. Programu tuliiendesha kwa bonde zima, na maji iliyosema tunaweza kuyaokoa yalikuwa machache kuliko ya kwanza, ila yalikuwa ya kweli. Na wakulima hawakurudi kwenye mabeseni. Nadhani mtu humwamini zaidi fundi aliyemwona akibomoa ukuta wake mwenyewe uliopinda.

Sasa nimestaafu, niko Bugarama, nina migomba, maharage na magoti yanayotabiri mvua kabla ya redio. Vijana wa kilimo hunipitia na vishikwambi vyao, wananionesha programu mpya zinazosoma picha za angani. Nazifurahia kweli, si kwa unafiki wa uzee. Nawauliza tu, maji yanayotoka nje ya picha yanakwenda kwa nani. Wengine huandika, wengine hunionea huruma.

Juzi mmoja wao aliniuliza ni siku gani ya kazi niliyoifurahia kuliko zote. Alitegemea nitaje siku ya wageni au barua ya kupandishwa cheo. Nikamwambia ni asubuhi moja ya mwaka wangu wa mwisho, nikifungua mlango wa ofisi pale Nyakisasa. Nilimwona Mama Evodi anapanda kilima kwa hatua ndefu, kanga imefungwa kiunoni, matope mpaka magotini.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Hakuitikia. "Zamu yetu irikuwa juzi!" akasema, tena kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Fundi cherehani wa jirani alisimamisha mguu. "Juzi, Bibi Shamba! Leo siku ya ngapi? Mpunga unabeba mimba, nyinyi mmefunga lango mmekaa! Nani kafunga? Namtaka jina lake!"

Miaka yote ile hakuwahi kuniomba hata ndoo. Nilisimama pale mlangoni nikigombezwa mbele ya watu, na machozi yakanilenga kwa furaha.

"Unacheka nini?" akafoka.

"Sicheki, mama," nikasema, nikachukua ufunguo wa lango. "Twende."